Kilomita 270 hadi Kisumu

Ukichora mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson hadi ule wa Kisumu, utapata kama kilomita 270. Ukianzia JKIA kule Embakasi, ongeza kumi hivi, ziwe 280. Ndege hukaa angani kama dakika 45. Kwa barabara, kupitia Nakuru na Kericho, ni kama kilomita 350, na basi la usiku huchukua masaa 7 au 8 kama hakuna lori limelala barabarani. Kwa reli ya zamani ni zaidi ya kilomita 400, na unasafiri usiku kucha.

Hizo namba simu yako inazo. Shida ni kwamba simu hukupa namba kana kwamba zilianguka kutoka mbinguni. Kumbe kila moja iliamuliwa na watu fulani, mwaka fulani, kwa ajili ya abiria fulani.

Mimi ni mtoto wa Kawangware, na miaka mitatu sasa nakodisha nyumba Kibera. Chuo sikumaliza, kwa hivyo historia hii sikuipata darasani. Nimeiokota kwa vitabu vya mitumba, kwa magazeti ya zamani na kwa wazee. Mitaa hii miwili imejaa watu ambao ocha yao ni upande wa ziwa na Magharibi: Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia. Na hapa Kibera ndege ndogo za Wilson zinapita juu ya mabati yetu tangu asubuhi. Ukitoka Laini Saba kwa miguu, bila haraka, unafika Wilson kabla saa nzima haijaisha. Miaka ya karibuni kumekuwa na ndege za abiria kutoka hapo Wilson hadi Kisumu. Ukiangalia ramani tu, utasema hakuna watu Nairobi walio karibu na Kisumu kama sisi. Na bado majirani zangu wengi hawajawahi kupanda ndege hata siku moja.

Nataka tuone jambo hili lilitoka wapi.

Florence wawili

Kabla ya reli, kutoka pwani hadi ziwani ilikuwa safari ya miguu ya miezi. Waingereza walianza kutandaza reli Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi 1899, na Desemba 1901 ikagusa ziwa. Pale ilipoishia walipaita Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandazaji. Ndiyo Kisumu hiyo. Upande huu wa Nairobi, uwanja wa Wilson unaitwa hivyo kwa sababu ya Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Kwa hivyo safari yetu ya kwenda nyumbani ina Florence kila upande, na hakuna kati yao aliyekuwa na shamba Siaya.

Reli haikujengwa ili Mluo amtembelee mkwewe. Ilijengwa ili Uingereza ifike Uganda na chanzo cha Nile, na wakati huo hata Kisumu yenyewe ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, hadi 1902 mpaka uliposogezwa. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini.

Baadaye treni ikaanza kuleta vibarua wengine, hawa wakitoka upande wa ziwa kuja Nairobi, wakipakiwa daraja la tatu. Hapo ndipo hesabu ya muda inakuwa ya ajabu. Treni yenyewe ilikuwa safari ya usiku mmoja hivi. Lakini kuanzia 1920 kila mwanaume Mwafrika mzima alitakiwa kubeba kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ilionyesha mwajiri wako ni nani na kama amekuachilia. Ukiondoka kazini bila sahihi yake, ulikuwa umevunja sheria. Mtu akifiwa na mama yake Nyanza, treni ilikuwa pale steshenini, inaondoka jioni, na yeye hawezi kuipanda. Kwa ratiba ya reli, nyumbani kulikuwa mbali usiku mmoja tu. Kwa kipande, kungeweza kuwa mbali mwaka mzima.

Kibera nayo ilikuwa na wasafiri wa aina yake. Wanubi walikuwa askari, babu zao wametoka Sudan, wakapitia Uganda na kuingia katika jeshi la King's African Rifles. Walitembea mbali kuliko mtu yeyote katika hadithi hii. Walipochoka na vita, serikali ya kikoloni iliwaacha wakae kwenye msitu pembeni ya mji, zaidi ya ekari 4,000. Wao wakauita Kibra, yaani msitu. Hati ya ardhi ya pamoja walikuja kuipata Juni 2017, ya ekari 288.

Kisumu ilipokuwa mlango

Hii sehemu huwa nikiwaambia wasee wa steji, wanadhani nawapiga mchongoano. Kuna wakati ambapo mtu akitoka London kwa ndege, alifika Kisumu kabla ya Nairobi.

Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha njia ya kutoka London hadi Mwanza. Haikuwa ndege moja. Abiria na barua walibadilishwa kutoka ndege hadi treni, kutoka treni hadi ndege, wakavuka bahari, wakafuata Nile. Safari nzima ilichukua kama siku 10. Sehemu ya kutoka Khartoum ilitumia ndege za kutua majini, na zilikuwa zinatua ziwani, pale Kisumu. Njia ilipoongezwa hadi Cape Town mwaka 1932, Kisumu ndipo wasafiri waliposhuka kutoka ndege ya majini na kupanda ya nchi kavu kuendelea kusini, wakipitia Nairobi.

Fikiria hiyo picha kidogo. Mzungu ametoka London, analala Kisumu, kesho anaruka kwenda Nairobi, ndege inakwisha safari kabla chai haijapoa. Siku hiyohiyo kuna kijana kutoka Gem au Maragoli ameketi daraja la tatu, kikebe shingoni, anaenda kutafuta kazi ya upishi kwa Mzungu huyohuyo. Wote wawili wametoka Kisumu, wote wanaenda Nairobi, na njia zao hazikutani popote.

Vita vya pili vya dunia vikaja, ndege zikaanza kwenda mbali bila kutua, na ziwa likasahaulika. Kisumu ikageuka kutoka mlango wa bara ikawa kituo cha pembeni. Mwaka 1946 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zikaunda East African Airways, ikianza na ndege ndogo za Dragon Rapide. Nairobi ndiyo ikawa katikati ya kila kitu, na imebaki hivyo hadi leo.

Waliojenga hawakuruka

Nairobi ilihitaji uwanja mkubwa kuliko ule wa Eastleigh. Ukajengwa Embakasi wakati wa Hali ya Hatari, na ukafunguliwa 1958. Nguvu iliyotumika ilikuwa ya watu waliofungwa na kuzuiliwa kwa sababu ya Mau Mau. Walichimba na kubeba mawe jua likiwaka, chini ya bunduki. Mwaka 1978 uwanja huo ukapewa jina la Jomo Kenyatta, ambaye naye alikuwa mfungwa wakati unajengwa, kule kaskazini.

Nikipita Embakasi huwa nawaza hesabu yao. Kutoka kwenye kambi hadi Nyeri au Murang'a ni mwendo wa masaa machache tu. Wao waliukaa miaka. Na walichokuwa wanajenga ni kitu cha kufupisha safari za wengine.

Reli yetu nayo ilikufa polepole. Treni ya abiria ya Kisumu iliendelea kuchoka hadi ikasimama. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli hapa Kibera, na barabara ikafungwa na magenge Naivasha na Nakuru. Kwa wiki kadhaa, mtu wa ziwa aliyekuwa Nairobi hakuwa na njia ya ardhini ambayo angeipita bila kuulizwa jina lake la pili. Angani hakuna anayekusimamisha kukuuliza jina, lakini angani kuna tiketi.

Desemba 2021 treni ya Kisumu ikarudishwa, ya usiku, kama masaa 12. Watu walipiga picha wakilia. Mzee mmoja wa hapa mtaani aliniambia, "Kijana, nilikuja nayo 1974 ikichukua usiku mmoja. Sasa imerudi, bado ni usiku mmoja. Mimi ndiye nimezeeka." Sijui kama alikuwa anafurahi au analalamika. Nafikiri yote mawili.

Siku 154

Safari ya Nairobi kwenda upande wa ziwa iliyochukua muda mrefu kuliko zote ninazozijua ni ya mwanaume aliyekuwa tayari ameaga.

S.M. Otieno, wakili maarufu wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika nyumbani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema hapana, Mluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaenda mahakamani, ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, nchi nzima ikifuata kwenye magazeti na redio. Mei 1987 ukoo ukashinda. Tarehe 23 Mei Otieno akazikwa Nyalgunga. Kutoka kufa hadi kuzikwa ni siku 154, na muda huo wote mwili ulikuwa mochari ya City.

Ile mochari iko palepale hadi leo, kandokando ya Ngong Road. Mathree ya Kawangware inapita hapo. Mahakama ilikuwa inaamua mambo mengi: haki za mjane, sheria ya mila, Mkikuyu na Mjaluo. Lakini kwa lugha ya kawaida, swali lilikuwa hili: huyu mtu, baada ya kuishi Nairobi maisha yake yote ya kazi, amefika nyumbani au bado yuko safarini?

Mtaani hilo swali hatujamaliza kulijibu. Mtu akifa Kibera au Kawangware, kabla ya chozi kukauka kuna kikundi cha WhatsApp, kuna namba ya kutuma pesa, kuna kamati inakaa kila jioni kwa kanisa au kwa hoteli. Bili ya hospitali, bili ya mochari, jeneza, basi la waombolezaji. Mochari inahesabu kila siku, kwa hivyo kadiri mnavyochelewa kuchanga ndivyo deni linakua. Wiki mbili zinaisha hivyo. Halafu gari linaondoka usiku, na asubuhi mko nyumbani. Masaa 8 ya barabara, siku 14 za kutafuta hayo masaa 8.

Na walio hai je? Mjomba wangu ni fundi wa mjengo Kawangware. Desemba moja alipigiwa simu saa nne asubuhi kwamba babake amezidiwa, yuko hospitalini Kisumu. Kulikuwa na ndege mchana huo. Angekuwa na pesa ya tiketi, angemkuta mzee akiongea. Alichokuwa nacho ni mia nane, na nauli ya basi ilikuwa imepanda maradufu kama kila Desemba. Akatafuta advansi kwa kontrakta, akakopa kwa simu, akazunguka steji hadi jioni ndipo akapata kiti. Mzee aliaga saa kumi na moja alfajiri. Mjomba alikuwa Kericho.

Watu wakimwambia ilikuwa mipango ya Mungu, yeye hunyamaza. Siku moja tu, tukiwa tunakula, aliniambia, "Mungu hakuniwekea nauli mara mbili. Hiyo ni watu."

Barabara yenyewe pia inadai. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, kwenye barabara hii ya kwenda Kericho, lori liliacha njia likavamia magari na wachuuzi. Zaidi ya watu 50 walikufa. Kila familia ya mtaani kwetu ina jina la kona fulani kati ya Nakuru na Kericho ambapo hupenda kufunga macho. Kwa hivyo unaponunua tiketi ya ndege, hununui dakika 45 pekee. Unanunua pia kutopita Londiani usiku.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Sasa tuwe wakweli. Jambojet ilipoanza mwaka 2014, na Kisumu ikiwa kati ya njia zake za kwanza, wengi wa rika langu walipanda ndege kwa mara ya kwanza. Bei ikishuka na ukibook mapema, ndege haiko mbinguni sana. Ila ukipigiwa simu leo na unataka kusafiri leo, hiyo bei ya chini imeshaondoka. Tiketi rahisi ni ya mtu anayejua mwezi ujao atakuwa wapi. Fundi wa mjengo hajui kesho atakuwa wapi.

Na hata ukipata tiketi, piga hesabu ukianzia Kawangware. Mathree hadi tao, na jamu ya Ngong Road unaijua. Kutoka tao hadi JKIA, mathree nyingine. Barabara ya juu kwa juu iliyofunguliwa 2022 inaanzia Westlands, inakufikisha huko kwa dakika chache, lakini inalipishwa, na mathree yako iko chini yake ikipiga honi. Fika mapema ukaguliwe. Ruka dakika 45. Shuka. Ukijumlisha, ni kama masaa 5. Basi ni 8. Yaani teknolojia yote ya miaka mia moja, ukiwa mtu wa Kawangware, imekuokolea masaa matatu.

Kibera hesabu ni tamu zaidi, kwa karatasi. Wilson ni kwa miguu. Julai 2018 ilipitishwa barabara mpya katikati ya Kibera, ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road. Asubuhi ya tarehe 23 matingatinga yakaingia. Nyumba, makanisa na shule zikaenda chini, maelfu ya watu wakalala nje. Leo mtu akitoka Kilimani kwenda Wilson anaokoa muda mzuri sana. Nami naipita hiyo barabara karibu kila siku. Ni nzuri, kweli. Sijawahi kukutana na jirani aliyehamishwa pale akiitumia kwenda kupanda ndege.

RAO001

Oktoba 2025 tulipata safari ya mwisho ya kuhesabu. Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wetu wa Langata tangu 1992, wakati Kibera yote ilikuwa ndani ya Langata, alifariki India tarehe 15. Kenya Airways ilimleta kutoka Mumbai, kama kilomita 4,500, ndege ikiitwa kwa heshima yake RAO001. Usiku ule, hapa Kibera, watu wasiojua hata bei ya tiketi walikuwa wameshika simu wakiangalia kialama cha ndege kikivuka Bahari ya Hindi kwenye Flightradar24. Mama mmoja wa mboga aliuliza, "Amefika wapi?" Kijana akamjibu, "Bado yuko juu ya maji." Akauliza tena baada ya muda mfupi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtaa mzima kufuata ndege dakika kwa dakika kama tunavyomfuata mtu wetu akiwa ndani ya basi.

Asubuhi watu wakaenda JKIA, wengi kwa miguu. Waliingia hadi sehemu ambazo abiria pekee huruhusiwa, na shughuli za uwanja zikasimama kama masaa mawili. Niliona lawama nyingi mtandaoni kuhusu siku hiyo. Baadhi ni za haki. Kasarani baadaye watu walikufa. Lakini uwanja ule ulijengwa na watu waliozuiliwa, na siku hiyo, kwa mara moja, walioingia bila tiketi walikuwa wengi kuliko wenye tiketi.

Jumamosi tarehe 18 mwili ukapelekwa Kisumu kwa njia ya anga. Jumapili akazikwa Bondo. Kutoka kifo hadi kaburi ni siku nne, kwa sababu mwenyewe alitaka azikwe haraka. Ukilinganisha na zile 154 za S.M., unaona jinsi njia hii inavyoweza kuwa fupi serikali, ndege na familia zikikubaliana.

Jumatatu ilikuwa Mashujaa Day. Vijana wa Kibera waliokwenda Bondo walirudi na mabasi. Mmoja wao ni jirani yangu, mlango wa tatu kutoka kwangu. Nilimuuliza safari ilikuwaje. Akaniambia masaa 11, jamu ilianzia Salgaa, miguu imevimba, na kesho ana kazi. Kisha akaingia kulala.